Mwana Hiti Si Shetani

Liko neno moja linalotumiwa ovyo siku hizi, nalo ni neno shetani. Ingia katika maduka ya vinyago mjini Dar es Salaam, utaonyeshwa shetani. Toka Mchafukoge, vuka Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, umsikilize mhubiri wa barabarani: kila kinyago na kila ngoma ya wazee kwake ni shetani. Mmoja ataka fedha ya mgeni, mwingine ataka kutia hofu. Sisi twasema wote wawili wamdhulumu Mzaramo, naye ndiye mwenyeji wa pwani hii.

Kwa Wamakonde jina hilo lina asili yake. Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji, husemwa kuwa ndiye aliyeanzisha katika miaka ya 1950 uchongaji wa mashetani, viumbe wenye viungo vilivyopotoka. Naye Mohamed Peera, mfanyabiashara wa hapa mjini, akavinunua vinyago hivyo. Baadaye George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachora wakicheka na kucheza. Mafundi wenyewe ndio waliowaita mashetani, basi hatuna ugomvi nao.

Lakini mwana hiti ni nini? Ni kipande cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kiwiliwili na matiti madogo, na kichwani vishungi viwili vya nywele. Mwali wa Kizaramo alipowekwa ndani alipewa huyo amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta. Umbo lile lile lilichongwa juu ya fimbo, juu ya viti, hata juu ya nguzo za makaburi. Wazee waliamini kwamba utunzaji ule wahusu uzazi wa mwali. Imani hiyo sisi hatuifundishi. Lakini mtu asituambie kwamba msichana anayejifunza kulea mtoto alikuwa akimsujudia ibilisi. Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini aliyekaa na Wazaramo, alitoa kitabu juu ya ibada na alama zao mwaka 1970. Aliuliza kwanza, ndipo akaandika.

Na muziki je? Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ikaja kuitwa Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikajulikana kwa jina la Sikinde. Msondo ni ngoma ya unyago, sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Wako walaanio unyago asubuhi, na jioni wakacheza chini ya majina hayo arusini pasipo kutetemeka! Hatuwalaumu kwa kucheza. Twawalaumu kwa kuwa hawakuuliza hata siku moja majina hayo yametoka wapi.

Basi, walimu wenzetu, kabla hamjamwambia mtoto achome kitu alichorithi, mwiteni bibi yake aeleze. Mabibi wanaojua wapungua kila mwaka, wala hakuna atakayeeleza badala yao. Naye mwenye duka na aandike chini ya kinyago: mwana hiti, wa mwali wa Kizaramo. Hayatampunguzia bei.