Acheni Sabufa, Anzeni na Sindano

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kila nikisema nataka kuboresha muziki wangu hapa hosteli, jibu ni lile lile: "Mshkaji, boom likitoka nenda Kariakoo kavute sabufa." Ukiuliza kwa nini, unaambiwa besi. Basi, hoja imeisha! Mimi nasema hivi: kwa mtu mwenye santuri na hela ya mawazo, sabufa ndiyo kitu cha mwisho kabisa kununua.

Kwa wasiojua, babu aliniachia santuri kama 40, nyingi zile ndogo za kasi ya 45, muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Wimbo unaanza upande wa kwanza, ukinoga unageuza santuri usikilize nusu ya pili. Binamu yangu akanipa pleya ya kuzipigia, ile ya bei chee yenye umbo la kibegi.

Sasa sikilizeni kwa nini hili jambo linaniuma. Bendi zetu zilikuwa zinarekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zenyewe zilifyatuliwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe naye akafariki kwa ajali ya gari hukohuko Kenya mwaka 1979. Nyimbo chache zimerudishwa sokoni, nyingine hazijarudi. Kwa hiyo nikiiharibu santuri ya babu, nimeiharibu moja kwa moja. Hakuna duka la kwenda kulia.

Na vile vibegi vinaharibu. Vingi vina katriji ya kauri inayokandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji ya sumaku ya kawaida inatosheka na gramu 2 hivi. Mkono ni wa plastiki, hauna uzito wa nyuma wa kurekebisha. Santuri ikirukaruka, watu wanabandika sarafu juu ya mkono! Jamani, hiyo ni sawa na kulima barabara ya lami kwa jembe la ng'ombe. Sabufa itasaidia nini hapo? Itapaza tu sauti ya uharibifu. Kitu ambacho sindano haikukisoma, amplifaya hata ya milioni kumi haiwezi kukirudisha.

Kwa hiyo hela inaanzia kwenye sindano, halafu inashuka taratibu kuelekea kwenye spika. Mimi naipanga hivi.

Kwanza usafi, maana karibu ni bure. Maji ya betri (yale safi, SIYO yenye asidi, ulizeni vizuri kabla ya kununua), tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuta kwa kufuata mzunguko wa mifereji bila kulowesha lebo. Kelele nyingi mnazodhani ni uzee wa santuri ni vumbi tu. Ila zile nzito za kasi ya 78 msizipake spiriti, zinayeyuka uso.

Pili, pleya iliyotumika yenye uzito wa nyuma na sindano inayobadilishika. Mtu akikuuzia, chukulia kwamba sindano imeshakwisha. Maisha yake ni kati ya saa 300 na 1000, kutegemea ilivyochongwa, na hakuna muuzaji anayehesabu. Katriji kama Audio-Technica za AT-VM95 zina raha moja: ukipata hela baadaye unabadilisha sindano tu, mwili unabaki uleule.

Tatu, fono. Sauti ya katriji ni ndogo mno, tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa. Fono ndiyo inayokuza na kurudisha mizani. Ukichomeka pleya moja kwa moja kwenye AUX unapata sauti ya mbu, halafu unalalamika huna besi. Besi ipo kaka, hujaifungulia mlango! Pleya nyingine zina fono ndani, angalia kitufe cha nyuma kabla ya kununua ya pili.

Nne, tofali. Sitanii. Pleya ikae juu ya tofali au kipande cha pevingi, na spika zisikae nayo meza moja, maana mtetemo unarudi kwenye sindano. Spika ziinue zifike usawa wa masikio. Shilingi ngapi hiyo?

Ukishamaliza hayo ndiyo utafute spika za mtumba na amplifaya ya zamani ya stirio. Na msidanganywe na boksi lililoandikwa wati 5000 PMPO. Hicho kipimo hakina kanuni, kila kiwanda kinajiandikia. Ulizeni RMS. Wati 20 za kweli kwenye chumba cha hosteli zitakugombanisha na matroni.

Sijawasahau na wale wajuaji wa upande wa pili, wanaosema bila dola elfu moja usiguse santuri, halafu wanakuuzia waya uliopakwa dhahabu. Kwa mita mbili tatu, waya wa shaba wa kawaida usio mwembamba sana unatosha kabisa. Hawa na watu wa sabufa ni ndugu: wote wanauza kitu unachoweza kumwonyesha jirani. Sindano nani ataiona?

Najua kuna atakayesema, "Si nyimbo zote zipo YouTube?" Hazipo zote ndugu yangu. Na zile zilizopo, kuna mtu alikuwa na santuri nzima na sindano nzima ndipo akaziweka. Tukizilima zote kwa vibegi, nani ataweka zilizobaki?

Haya, boom likitoka tuonane Kariakoo. Mimi mtanikuta kwenye maduka ya mtumba.