Kabla Hujainunulia Kabureta

GEREJI YA JUMAPILI
Na Rajabu Mwinchumu

Mwenye Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, akilalamika kuwa gari linanuka petroli, fundi wa kwanza atamwambia kabureta imekufa. Wa pili atasema pampu. Atanunua vyote, na harufu itabaki palepale. Mimi nasema mfuko ufungwe kwanza. Kabla ya kuuliza linavuja wapi, uliza linavuja wakati gani.

Likinuka siku ya kujaza tangi pomoni tu, kagua mpira wa shingo ya tangi na gasketi ya geji, injini iache. Likivuja limezimwa, petroli inashuka yenyewe. Tangi liko mbele, injini nyuma, na bomba la chuma linapita ndani ya mgongo wa katikati ya sakafu hadi karibu na giaboksi, ambako linaungwa kwa kipande kifupi cha mpira. Kipande hicho hukioni mpaka ulale uvunguni, ndiyo maana huzeeka bila mtu kujua. Likivuja injini ikiunguruma tu, anzia pampu kwenda kabureta, maana huko ndiko kwenye msukumo.

Tafadhali, injini isioshwe kabla ya kukaguliwa. Oili huacha dimbwi. Petroli hukauka ikaenda zake. Lakini penye vumbi na grisi huwa imeosha njia yake. Ukiona mstari msafi kwenye injini chafu, ufuate kwenda juu. Fanya hivyo asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa tochi. Kiberiti kaa nacho mbali. Pitisha kidole chini ya kila kiungo, kisha kinuse.

Kiungo nisichokiamini hata kidogo ni kile kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kimeshindiliwa tu, hakina nati. Joto na mtikisiko hukilegeza, kikachomoka pamoja na mpira wake, petroli ikamwagikia injini ya moto. Hivyo ndivyo nyingi zilivyoungua, na bloku yenyewe ni ya aloi ya magnesiamu, moto wake hauzimiki kwa ndoo ya maji. Kizungushe kwa vidole. Kikizunguka, gari lisiwashwe. Chujio la plastiki lililoning'inizwa hapo nalo liondoke, linakivuta kwa uzito.

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili ikinuka petroli na kipimo kimepanda, huenda diaframu ya pampu imetoboka na inavujia ndani, nje usione hata tone.

Siibezi sabuni ya mche inayosuguliwa kwenye tundu la tangi. Imefikisha wengi nyumbani. Ugomvi wangu ni na mpira wa maji, ule wa kuona ndani, ambao mafundi wetu huuchomeka kwa kuwa ni wa bei chee. Petroli huukakamaza, ukapasuka. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, leo inafungwa mpira wa bustani! Nunua mpira wa petroli wenye nyuzi, na klipu mpya pande zote mbili. Ukimaliza kufunga, washa, iache iungurume, urudi na tochi yako.