Wazee wa Ndia Kuu na Haki ya Kipaza Sauti

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hunukuliwa sana redioni, lakini aghalabu anayeinukuu ni kijana aliyeketi penye kipaza sauti, ilhali mzee mwenyewe amealikwa kwa dakika chache asimulie harusi za kale au desturi za Ramadhani. Akisha kusimulia, hushukuriwa akaenda zake. Huyo ni mgeni wa redio, si mwenyeji.

Hali hii haiufai mji wa Mombasa. Ndia Kuu, njia inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu na kupenya Mji wa Kale, imehifadhi Kimvita katika jina lake: ndia, si njia. Itakumbukwa kuwa ni mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo Kimvita kimebaki nje ya darasa na, kwa kiasi kikubwa, nje ya taarifa ya habari. Kabla ya uhuru, Sauti ya Mvita ilisikika mjini humo. Leo stesheni ni nyingi, lakini wingi wa stesheni si wingi wa sauti.

Yafaa ieleweke kuwa suala hili si la lugha tu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Sheria ya utangazaji nayo inaitambua redio ya jamii kuwa ni ile isiyotafuta faida, na inayowahimiza wanajamii kuchagua na kuandaa vipindi. Kushiriki, basi, si kuhojiwa. Ni kuamua kitakachoulizwa: maji ya mfereji, taka za vichochoroni, hatima ya nyumba za kale, bajeti ya kaunti. Mzee aliyekaa barazani miaka 40 anakumbuka ni ahadi gani ilitolewa na nani, na anaweza kumuuliza mwakilishi wa wadi kwa adabu isiyokwepeka.

Wapo watakaopinga kwamba wazee hawaijui mitambo, na kwamba watawafunga vijana midomo. Hoja ya kwanza ni nyepesi: kijana ashike mitambo, mzee ashike hoja. Ya pili ina uzito. Tena, baraza la nje ya nyumba limekuwa, kwa kawaida, la wanaume. Likihamishiwa redioni jinsi lilivyo, bibi aliye ndani atabaki ndani. Kwa hiyo kamati ya vipindi haina budi kuwa na wanawake wazee sawa na wanaume, na kijana awe na haki ya kumjibu mzee hewani.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Mtafiti anayekwenda Ndia Kuu na kinasa sauti, akachota msamiati kwa ajili ya tasnifu yake, hatendi kosa. Ila aghalabu kanda hizo huishia rafuni, na waliosema hawazisikii tena. Na aache kitu nyuma. Awafunze wazee kurekodi na kuhariri kipindi, kisha aketi upande wa pili wa kipaza sauti, aulizwe yeye.