Mwendo Peke Yake Si Hoja

Kuna jambo lililozua kelele nyingi bwenini muhula huu. Siku ya mdahalo mwenzetu mmoja alisema ya kuwa treni zetu za umeme, zilizoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, zimekwisha pitwa na wakati. Zafika kilometa 160 kwa saa tu, hali Wajapani wana treni ielayo ambayo tarehe 21 Aprili, 2015 ilifika kilometa 603. Alishangiliwa sana. Mimi sikushangilia, nami nitaeleza sababu.

Kwanza tuifahamu mota yenyewe. Mota ya kawaida ina koili zilizopangwa duara. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku huzunguka na kuikokota sehemu ya ndani. Sasa ipasue mota hiyo ubavuni, uikunjue kama mkeka. Nguvu ya sumaku haitazunguka tena, bali itakimbia mbele na kulivuta gari. Hiyo ndiyo mota ya mstari. Haitegemei gurudumu kushika reli, wala haiogopi utelezi.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Taabu ya kwanza ni pengo. Katika mota ya kuzunguka, pengo kati ya sehemu zake mbili ni dogo mno, kama milimeta moja au mbili. Gari likimbialo haliwezi kuikaribia njia namna hiyo. Treni ielayo ya Shanghai huacha kama milimeta 10. Mwenye shaka na afanye tulivyofanya darasani: azungushe waya kwenye msumari, aunge betri za tochi, ainue pini. Kisha aweke kurasa za daftari katikati, moja baada ya nyingine, aone pini zinavyodondoka. Wajapani wamelishinda pengo la sentimeta 10 hivi, lakini kwa sumaku zinazopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Hilo si jambo la bei rahisi.

Taabu ya pili ni mahali pa kuweka koili. Zikiwa ndani ya gari, njia yatosha kuwa na bamba la chuma na alumini, kama ilivyo katika treni za mjini Vancouver tangu mwaka 1985. Walakini gari huwa zito, tena lazima lichukue umeme kwa kugusa njia, jambo gumu katika mwendo mkali. Koili zikilazwa njiani, gari huwa jepesi, na umeme hupelekwa katika kipande kile tu treni inamopita. Hata hivyo, Shanghai ilibidi kulaza koili katika njia yote ya kilometa 30.

Taabu ya tatu ni upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne, na hakuna mota iwezayo kuuondoa.

Kwa hiyo mota njema haipimwi kwa mwendo pekee. Yatupasa kuuliza: katika umeme na fedha zote zilizotumika njia nzima, ni kiasi gani kimefanya kazi? Kati ya miji yenye abiria wengi mno, mota ya mstari yaweza kustahili gharama yake. Kwetu, ambako reli ilijengwa ibebe abiria na mizigo pia, mota ya kuzunguka ilikuwa chaguo la busara.

Jambo moja lanisikitisha. Wengi walioshangilia siku ile waliiacha Fizikia kidato cha tatu, wakisema haina faida kwao. Ndugu zangu, iko siku nchi yetu itaombwa kununua treni ielayo, na atakayeketi mezani kujibu ni mmoja wetu. Asiyejua kupiga hesabu huuziwa chochote.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne