Mjadala wa kozi uwe wa Kiswahili

Wahadhiri wengi wanaamini kuwa sisi tunaosoma kwa masafa hatupendi kujadiliana mtandaoni. Si kweli. Tunajadiliana sana, ila si pale walipotutengea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kimuli, wilayani Kyerwa, na nasomea shahada ya elimu nikiwa kazini. Chuo kimetufungulia jukwaa la majadiliano: mhadhiri anaweka swali, kila mmoja analijibu kwa Kiingereza, kisha anachangia majibu ya wenzake wawili ndipo apate alama. Ukiyasoma majibu hayo utasikitika. Mmoja ameandika sentensi tatu za kunakili, wa pili anakubaliana naye kabisa, wa tatu anamshukuru wa pili. Mhadhiri hasemi neno mpaka muhula unakwisha.

Njoo sasa kwenye kundi letu la WhatsApp. Muhula uliopita swali lilihusu viboko. Jukwaani tulipita juu juu. Kwenye kundi tulibishana hadi usiku. Mwenzetu wa Murongo alieleza, kwa ujumbe wa sauti, kwa nini ameacha kuwachapa wanaochelewa: wengi hutoka kuchota maji kwanza. Wa Nkwenda akampinga, akauliza darasa lililofurika litatulizwaje. Mwingine akaleta kanuni: viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Watu wakaanza kuhoji wanachokifanya shuleni kwao. Huo ndio usomi wenyewe, na hakuna mhadhiri aliyeusikia.

Bando ni ghali, na mtandao huku vijijini husumbua. Lakini bando hilohilo ndilo linalotufikisha WhatsApp. Kinachotuziba mdomo ni kutojibiwa, na zaidi ni lugha. Kutwa tunafundisha kwa Kiswahili. Jioni tunatakiwa kuieleza kazi hiyohiyo kwa Kiingereza, basi mtu anaandika kile anachokiweza, si kile anachokijua. Wala asiseme mtu kwamba Kiswahili hakibebi elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu walioandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili.

Wahadhiri wetu, mitihani ibaki kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka. Mjadala turuhusuni tuuandike kwa Kiswahili, nanyi ingieni humo mtupinge na mtuulize tena.