Gitaa Zito na Paka wa Ghala

Kila Ijumaa jioni, mazoezi ya bendi yakisha kumalizika, hubaki katika chumba cha vyombo cha kambi moja hapa Kigali watu watatu wasio na haraka ya kurudi makwao. Mmoja ni sajini aliyebakiza miezi michache kustaafu. Wa pili ni koplo kijana anayeandaliwa kushika nafasi yake. Wa tatu ni askari polisi ambaye huja kwa pikipiki kutoka upande wa pili wa mji. Wote ni wapiga gitaa la besi, na wote wanaishi na paka waliozeeka. Mazungumzo yao ni hayo mawili tu, nyuzi na paka, na yanaweza kuendelea hadi taa za kambi ziwashwe.

Wapo wenzetu wawachekao. Hilo si neno; askari asiyechekwa na wenzake bado hajazoeleka. Lakini siku hizi yamezuka mapendekezo mawili ambayo hatuwezi kuyapita kimya. La kwanza ni kwamba gitaa la besi la sajini, kwa kuwa limechakaa, liuzwe mara tu jipya litakapofika. La pili ni kwamba paka wa ghala, jike mwenye umri wa miaka 14, aondolewe, na mahali pake iwekwe sumu ya panya. Sisi hatukubaliani na lolote kati ya hayo, nasi twaomba tusikilizwe.

Gitaa la besi, ambalo wazee wa dansi walizoea kuliita gitaa zito, si chombo cha kale sana. Leo Fender wa California alianza kuuza besi yake ya umeme mwaka 1951. Kabla ya hapo mpigaji alisimama na besi ya mbao yenye kimo cha mtu, ambayo sauti yake ilimezwa na tarumbeta. Uzi mnene kuliko yote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti yake huhisiwa kifuani kabla haijatambuliwa na sikio. Ndiyo maana chombo hiki hakisifiwi. Raia akitoka kwenye sherehe za tarehe 4 Julai humtaja mwimbaji, kisha mpiga solo. Mpiga besi hukumbukwa siku asipokuwapo, pale wachezaji wanapokosa pa kukanyaga.

Majirani zetu walitambua zamani thamani ya askari wanamuziki. Nchini Kenya, askari wa Kikosi cha 7 cha Kenya Rifles waliunda Maroon Commandos mwaka 1970, na chini ya Habel Kifoto, aliyefariki mwaka 2011, wimbo wao "Charonyi ni Wasi" ulivuka mipaka. Tanzania ilikuwa na Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi Jazz na Magereza Jazz. Watu wengi wasiokanyaga kambi hata siku moja walilijua jeshi lao kwa njia ya muziki huo. Sisi ambao kazi yetu ni uhusiano baina ya jeshi na wananchi tunaweza kutoa hotuba kumi, zisifike pale unapofika wimbo mmoja uliopigwa vema.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Miaka ya 1970 na 1980 Kigali ilicheza kwa muziki wa Orchestre Impala na bendi nyingine za wakati ule. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa wanamuziki pamoja na wasikilizaji wao. Sebanani André wa Impala alikuwa miongoni mwao. Nyimbo zimebaki, nazo hupigwa hadi leo katika kumbi za mji, katika ule muziki tuuitao igisope. Lakini sehemu ya besi aghalabu haikuandikwa karatasini. Hushikwa kwa sikio na kwa kuutazama mkono wa mwenzio. Ni kweli kwamba shule ya muziki ilianzishwa Nyundo mwaka 2014, nayo imetoa vijana hodari. Sajini wetu, hata hivyo, alifundishwa Nyamirambo na mtu mzima aliyempigia mpigo mmoja usiku kucha hadi vidole vikamwota sugu. Mpigo huo haumo katika kitabu chochote. Umo katika mkono wake, na koplo bado hajaupata sawasawa.

Basi mtu anayeupita mlango wa chumba kile akadhani wanapoteza muda amekosea. Juma lililopita walibishana kama nyuzi zibadilishwe au zisibadilishwe. Sajini hushika mfano wa James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown na asiyebadilisha uzi mpaka ukatike. Alifariki mwaka 1983, muda mfupi baada ya besi yake ya mwaka 1962 kuibwa. Yule polisi hataki kusikia habari hizo. Yeye huzichemsha nyuzi zake katika sufuria, mafuta ya vidole yakatoka, sauti ikarudi kali kwa majuma mawili matatu. Hufanya hivyo si kwa ushabiki bali kwa sababu ya bei, maana seti ya nyuzi nne za besi hugharimu mara kadhaa kuliko ya gitaa la solo. Kisha wakaja kwenye shingo ya gitaa. Nyuzi zile huivuta usiku na mchana kwa nguvu inayozidi kilo 60, na masika ya Kigali huipinda mbao zaidi. Ndani yake mna fimbo ya chuma ya kuinyosha, ambayo huzungushwa robo mzunguko tu, kisha ukasubiri hadi kesho. Koplo aliwahi kuizungusha mara mbili kwa mkupuo, nusura aipasue. Hakuna aliyemkaripia, alielezwa. Hiyo ndiyo shule tunayoizungumzia.

Paka aliingia katika mazungumzo hayo kwa njia ya sanduku la gitaa. Mpiga besi akifanya mazoezi peke yake hupiga kwa sauti ya chini, na paka mzee hupenda mahali penye utulivu na kitambaa laini. Yule jike wa ghala akaanza kulala ndani ya sanduku la sajini, naye akawa analiacha wazi makusudi.

Wapendekezao sumu wanasema hakamati panya kama zamani. Ni kweli. Paka wa miaka 14 analingana na mtu aliyepita miaka 70. Viungo humkaza, meno humuuma, na figo zikianza kuchoka hunywa maji mengi. Lakini panya huikimbia harufu ya paka hata kama paka mwenyewe amelala, na yeye bado hulizunguka ghala kila usiku. Sumu nayo haichagui. Panya aliyeila huyumbayumba mchana kweupe, na paka wa kwanza kumkamata hula sumu hiyo hiyo, wakiwamo paka wa familia zilizo jirani na kambi. Tunaona heri kumtafuta paka kijana mmoja, achanjwe kichaa cha mbwa, ajifunze kazi kwa bibi huyo.

Wasiotuamini kuhusu paka na askari na wasome habari za Simon, paka wa manowari ya Uingereza HMS Amethyst. Mwaka 1949 manowari hiyo ilipigwa mizinga katika mto Yangtze, ikazuiliwa huko zaidi ya miezi mitatu. Simon alijeruhiwa, akapona, akaendelea kuua panya waliokuwa wakila chakula cha mabaharia. Alitunukiwa nishani ya Dickin, na hadi leo ndiye paka pekee aliyeipata.

Liko jambo moja tulilolipata kwa hao watatu ambalo kila mwenye paka kambini na alishike. Yule polisi alimpoteza paka wa kwanza kwa wema wake mwenyewe. Alimwona anachechemea, akampa nusu kidonge cha parasetamoli, kama ambavyo angempa mtoto wake. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Hata kipande kidogo huweza kumuua. Alituambia hayo huku anakaza nyuzi, bila kuinua macho. Sasa, paka wake wa pili akichechemea, humpeleka kwa daktari wa mifugo.

Sajini anaondoka kabla ya mwisho wa mwaka, naye ameomba gitaa lile libaki na koplo, si kwa sababu ni zuri kuliko jipya, bali kwa sababu koplo amekwisha kuijua shingo yake. Tumeliandikia ombi hilo, na tumeongeza kwamba Ijumaa zilizobaki wasipangiwe zamu jioni. Paka hatukumwandikia kitu. Jana tulimkuta ndani ya sanduku, na karani wa ghala amemletea bakuli la maji.