Kabla ya kununua diski ya akiba, chunguza tundu

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Siku hizi picha za arusi, hesabu za duka na kazi za shule za watoto zote hukaa ndani ya tarakilishi moja nyumbani. Diski iliyo ndani yake ikiharibika, huenda vyote vikapotea siku moja. Ndiyo sababu yafaa kila jamaa iwe na diski ya nje ya kuwekea nakala za akiba.

Mnunuzi afikapo dukani, aghalabu huuliza mambo mawili: bei na ukubwa. Husahau la tatu, yaani jinsi diski hiyo itakavyounganishwa na tarakilishi aliyo nayo. Basi, mpenzi msomaji, kabla hujaondoka nyumbani, tazama matundu ya tarakilishi yako.

Mengi ni ya USB, lakini hayalingani kwa kasi. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, na kwa kazi halisi hupitisha megabaiti 35 hivi kwa sekunde. USB 3.0 ya mwaka 2008 huipita mara nyingi. Tundu lake aghalabu lina ulimi wa buluu, au herufi SS kando yake. Rangi si sheria, kwa hivyo ukiwa na shaka soma kitabu cha maelezo. Wala usibabaishwe na majina: USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 zina kasi ile ile.

Tuseme una gigabaiti 200 za kunakili. Kwa USB 2.0 utangoja zaidi ya saa moja na nusu. Kwa USB 3.0 yapata nusu saa. Tofauti hiyo ni kubwa katika nyumba ambamo stima hupotea bila taarifa. Isitoshe, kazi inayochosha huahirishwa, na nakala iliyoahirishwa haimwokoi mtu.

Diski ya USB 3.0 itafanya kazi hata kwenye tundu la zamani, ila kwa mwendo wa zamani. Pia tundu la 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500, ilhali la 3.0 hutoa 900. Diski ndogo isiyo na waya wake wa stima ikiwaka na kuzima, huenda haishibi. Iunganishe na tarakilishi moja kwa moja.

Je, Thunderbolt? Ina kasi ya ajabu na bei yake pia ni ya juu. Lakini diski ndogo yenye sahani zinazozunguka aghalabu hutoa megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, nazo USB 3.0 huzibeba bila taabu. Kuilipia Thunderbolt hapo ni kujenga barabara kuu ya kupitisha mkokoteni. Pesa hizo afadhali ununue diski ya pili.

Ikiwa tarakilishi yako ina tundu dogo la mviringo la USB-C, tumia kebo iliyokuja na diski. Kebo nyingi za kuchajia simu zina umbo hilo hilo, lakini hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu.

Mwisho, ukimaliza kunakili, iamuru tarakilishi iiachilie diski, kisha ichomoe. Diski inayoachwa imeunganishwa mchana kutwa yaweza kuunguzwa na stima ile ile itakayounguza tarakilishi, au kushikwa na virusi wanaofunga faili na kudai fidia. Fungua faili moja au mbili kuhakikisha zimenakiliwa sawasawa. Na ukiwa na diski mbili, moja ipeleke kwa ndugu au mzazi, maana mwizi na moto havichagui chumba.